Pambo na Deni Lake: Fikira juu ya Njumu za Ala za Nyuzi

Neno "njumu" limo hatarini kupotea, au pengine ni sawa zaidi kusema kwamba limehamia mguuni. Ukiwauliza wanafunzi wa leo maana yake, aghalabu watakutajia viatu vya kuchezea mpira, vile vyenye meno chini ya soli. Ni wachache watakaojua kwamba kabla ya viatu hivyo njumu ilikuwa kazi ya fundi aliyechimba mti na kuupachika vipande vya fedha, shaba au pembe: katika kitako cha bunduki, mathalani, au katika mgongo wa kiti cha enzi kule Lamu. Sisi tunaoifundisha lugha hii huku bara, mbali na viti hivyo, huikuta njumu katika kamusi tu, na kamusi hutupa maana bila ya kutuonyesha mkono ulioifanya kazi. Katika makala haya nakusudia kulirejesha neno hilo kazini, lakini si kwa ajili ya msamiati peke yake. Ndani ya kazi hiyo mna swali la maadili ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa haki yake. Na mahali linapojitokeza wazi kuliko pote ni katika ala za nyuzi zinazotengenezwa kwa mkono, kama vile fidla, gitaa na udi.

Hapana budi kwanza kutenganisha mambo yanayofanana. Anayepaka rangi huongeza kitu juu ya mti. Anayebandika huongeza vilevile. Anayechonga nakshi hupunguza, na pambo lake ni umbo la kile kilichobaki. Mtia njumu hufanya yote mawili: hutoa kwanza, kisha hurudisha kitu kingine mahali pa kile alichokitoa. Kabla pambo lake halijaonekana, huwa amekwisha kuujeruhi mti. Sasa, ala ya muziki imeundwa itoe sauti, na njumu haisikiki. Je, fundi ana haki gani ya kuukata mti mzima, usio na ila, kwa ajili ya kitu ambacho sikio halitakijua kamwe?

Wapo wanaolijibu swali hili upesi. Baadhi yao husema kwamba pambo lisilo na kazi ni upuuzi, na huenda likawa uongo. Ala ihukumiwe kwa sauti yake, basi. Wengine husema uzuri haudaiwi sababu, na anayeuomba uzuri hati ya kazi ni mtu asiye na macho. Sikubaliani na hao wala hao. Wale wa kwanza wamesahau kwamba ala hukaa mikononi na machoni mwa mpigaji wake kwa saa nyingi mno kuliko inavyokaa masikioni mwa wasikilizaji. Wale wa pili wamesahau kwamba njumu haianzi na uzuri bali huanza na tundu, na mtu aliyetoboa tundu katika kitu kizima ana deni.

Tuitazame fidla, kwa kuwa ndiyo inayotutatiza zaidi. Mtu akiishika karibu ataona mstari mwembamba unaouzunguka uso wote na mgongo wote, kiasi cha milimita 4 kutoka ukingoni. Kwa mbali mstari huo hudhaniwa kuwa wa wino. Kumbe ni tepe tatu za mbao zilizogandishwa pamoja, mbili nyeusi na moja nyeupe katikati, na upana wa zote tatu kwa jumla ni milimita moja na robo hivi. Katika karakana za Cremona, nchini Italia, zama za akina Amati na Stradivari, nyeusi ilikuwa mti wa peasi uliotiwa rangi na nyeupe ilikuwa mti wa popla. Fundi huchora mistari miwili kwa kifaa chenye ncha, akaizamisha kwa kisu, kisha akautoa mti uliomo katikati kwa patasi nyembamba mno, hatua kwa hatua, mpaka apate mfereji wenye kina cha milimita 2 hivi. Ubao wenyewe hapo ukingoni una unene wa milimita 4 tu, kwa hiyo karibu nusu yake imekwisha kuondoka. Tepe hupindwa kwa chuma cha moto zifuate mzunguko, hutiwa gundi ya ngozi, na kusukumwa ndani kabla gundi haijapoa. Katika pembe nne za fidla tepe mbili hukutana kwa ncha kali iliyopinda kidogo, ambayo mafundi wa Ulaya huifananisha na mwiba wa nyuki. Kisu kikiteleza mahali hapo hakuna kurudi nyuma.

Na kazi hii si ya macho tu. Uso wa fidla ni mti wa sprusi, wa jamii ya misonobari, ambao hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzinyuzi zake zilizonyooka. Fidla ikigongwa ukingoni ufa huanza kutambaa kwenda ndani. Ukifika kwenye mfereji ule hukutana na tepe ambazo nyuzinyuzi zake zaelekea kwingine, na mara nyingi husimama hapo. Mafundi hubishana juu ya ukubwa wa kinga hiyo, na wapo wanaoamini kwamba mfereji huo humsaidia ubao kutikisika kwa uhuru zaidi. Sitauingilia ubishi huo. Yatosha kwamba kitu tulichokiita pambo kina kazi yake, na kwamba jeraha la fundi, katika mfano huu, hukinga majeraha mengine.

Sasa tuje kwenye mstari wa rangi. Katika fidla za bei ndogo zinazotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wanafunzi, si ajabu kuukuta mstari huohuo umepigwa kwa wino au rangi juu ya mti, bila ya mfereji wala tepe. Ukisimama hatua tatu mbali huwezi kutambua. Na sidhani kama lipo sikio la kawaida ambalo lingethubutu kuapa kwamba limesikia tofauti. Je, aliyepaka rangi amesema uongo?

Hajasema uongo, mradi hakuuza rangi kwa bei ya njumu. Mtoto anayeanza kujifunza anahitaji fidla ambayo mzazi wake anaimudu, na hakuna aliyemwahidi mwiba wa nyuki. Hata hivyo jambo halikuishia hapo. Mstari wa rangi una hali ya ajabu: umehifadhi sura ya kinga huku kinga yenyewe imeondolewa. Macho yetu yameizoea tepe ile hata yanaidai pale ambapo haipo. Ndivyo desturi nyingi zinavyokwenda. Umbo hubaki, kazi huondoka, na anayekuja nyuma hudhani kwamba umbo ndilo lililokuwa kazi. Mpaka rangi hajamdanganya mnunuzi, lakini ametuzoesha sote kutazama vibaya.

Asije mtu akadhani kwamba naitetea njumu kwa sababu ya kinga peke yake. Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737, hakutosheka siku zote na tepe tatu. Miongoni mwa mamia ya ala zake zilizosalia zimo chache alizozitia njumu za ziada. Mojawapo ni fidla iitwayo Hellier ya mwaka 1679, na nyingine iitwayo Greffuhle ya mwaka 1709. Katika hizo alipanga baina ya mistari miwili vipande vidogo vya pembe, vingine vya duara na vingine vya umbo la almasi, juu ya kitanda cheusi, kuizunguka fidla nzima. Michoro ya mapambo kutoka karakana yake imehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho huko Cremona. Vipande hivyo vya pembe havizuii ufa wowote ambao tepe za kawaida zisingeuzuia. Tukiifuata hoja ya kazi peke yake itatubidi tuseme kwamba fundi mkubwa kuliko wote aliharibu mti bure. Mimi siwezi kusema hivyo, na sababu yangu haitokani na heshima ya jina lake.

Sababu ni hii. Mnunuzi wa ala hununua kitu ambacho sehemu kubwa yake haioni. Ndani ya sanduku la fidla au la gitaa mna vipingo vilivyogandishwa chini ya uso, mna vipande vya kushikiza kingo, mna unene wa ubao unaobadilika kwa sehemu ndogo za milimita kutoka mahali hadi mahali. Humo ndimo sauti inamozaliwa, na humo macho hayaingii isipokuwa kwa kioo kidogo na taa. Fundi mvivu angeweza kuficha mengi humo, na miaka ikapita kabla hajajulikana. Basi njumu ni rehani. Fundi huweka juu, mahali pa wazi, kazi isiyovumilia uvivu, ili iwe dhamana ya kazi iliyo chini. Ni kama anasema: niliyeunganisha pembe na mti hapa bila ya kuacha mwanya ndiye niliyeunganisha na vile usivyoviona. Sauti huushuhudia mti, nayo njumu humshuhudia fundi.

Kama hivyo ndivyo, basi uongo katika njumu ni mzito kuliko unavyoonekana. Na upo uongo mmoja ambao kila mfanyakazi wa gitaa anaujua.

Ubao wa vidole wa gitaa, ule unaobandikwa juu ya shingo, aghalabu ni mweusi, na pambo lake la kawaida ni lulumizi, yaani ule upande wa ndani wa kombe la chaza unaong'aa. Kampuni ya Martin ya Marekani ilipoanza kutengeneza gitaa lake la D-45 mwaka 1933, la kwanza likiwa la mwimbaji Gene Autry, liliheshimiwa kwa kombe linalometameta lililozunguka kingo zake zote. Kufikia mwaka 1942, utengenezaji wake uliposimama kwa miaka mingi, yalikuwa yametoka 91 tu. Fundi huipata lulumizi ikiwa imesagwa kuwa vibamba vyenye unene wa milimita moja na nusu hivi. Huchora umbo kwenye karatasi, huigandisha juu ya kibamba, hukilaza kibamba juu ya ubao mdogo wenye mkato wa umbo la V, kisha hukata kwa msumeno wa sonara ambao wembe wake haukaribii hata unene wa njiti ya kiberiti. Lulumizi ni ngumu, nayo huvunjika kama kioo. Ukimlazimisha msumeno, ua la petali tano hubaki na nne. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, ndiyo sababu mfanyakazi mwangalifu hufunika pua na mdomo, na pengine hulowesha kibamba chake. (Tutalirudia vumbi hili, maana deni la pambo halimwelekei mnunuzi peke yake.) Ua likiisha kukatwa na kusawazishwa kwa tupa ndogo, huwekwa juu ya ubao, ncha kali hupitishwa kulizunguka, na kitanda chake huchimbwa: zamani kwa patasi na kisu, siku hizi mara nyingi kwa mashine ndogo ya mkononi.

Hapo ndipo jaribu linapomjia fundi. Kitanda kikizidi ua, hubaki mwanya. Dawa yake ni rahisi: hukusanya vumbi la ubao ule mweusi wenyewe, hulichanganya na gundi, huujaza mwanya, huacha ukauke, kisha husugua kwa msasa, mwanya hutoweka. Juu ya mti mweusi ti, hata fundi mwenzake huhitaji kioo cha kukuzia ili auone.

Nisieleweke vibaya. Mwanya mwembamba kama unywele umo katika kazi ya kila binadamu, na kuujaza kwa vumbi ni sehemu halali ya ufundi. Asiyefanya hivyo huacha njia ya uchafu na unyevu. Swali ni mahali gani dawa hugeuka kuwa udanganyifu, na hapa kipimo cha milimita hakitusaidii. Mwanya uleule waweza kuwa bahati mbaya kwa fundi mmoja na tabia kwa mwingine. Mimi ningeuliza jambo moja tu: alipokuwa akichimba, fundi huyu alikuwa akiufuata mstari, au alikuwa tayari akilitegemea vumbi? Wa kwanza amekosea akatengeneza. Wa pili hakukosea hata kidogo, alipanga. Ndiyo maana napenda kuitazama kazi ya fundi juu ya mti mweupe kwanza, kwenye ile duara inayozunguka tundu la gitaa, kabla ya kuitazama juu ya mti mweusi. Mti mweupe haumfichii mtu siri.

Atasema mtu: lakini nani ameumia? Gitaa linalia vilevile, mpigaji amefurahi. Ningeweza kumjibu kwamba mchanganyiko wa gundi na vumbi huweza kudidimia kadiri miaka inavyopita, mwanya ukarudi kujionyesha. Lakini sitaki kuitegemeza hoja yangu hapo. Tuseme mwanya hautarudi kamwe. Hata hivyo rehani imekuwa bandia. Mnunuzi ameuamini undani wa ala kwa sababu ya kile alichokiona juu, na alichokiona juu hakikuwa kazi ya mkono uliofuata mstari. Ameuziwa fundi ambaye hayupo.

Sisi walimu tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Mwanafunzi ameambiwa kwamba methali huongeza alama katika insha. Basi huandika aya yake, kisha hubandika methali mwishoni, ambayo ukiing'oa aya haipungukiwi na neno lolote. Hakuichimbia kitanda. Mwenzake huiandaa sentensi iliyotangulia, huiondolea maneno ambayo methali itayasema kwa ufupi zaidi, na methali inapokuja hukaa mahali palipokuwa pakiingoja. Alama tunazotoa mara nyingi ni zilezile kwa wote wawili, kwa kuwa tunahesabu methali, wala hatutazami mwanya. Nimeliona jambo hili kwenye madaftari mengi kiasi kwamba sidhani kosa ni la wanafunzi.

Turudi kwenye mti na pembe. Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kitu pekee kinachokatwa ni ubao. Lakini pembe ya ndovu ilikatwa mahali pengine kabla haijafika mezani kwa fundi, na gamba la ng'amba, lililopamba magitaa na udi kwa karne nyingi, lilivuliwa kutoka mgongoni mwa kasa wa bahari zetu za joto. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilizofika Marekani na Ulaya zilitoka Unguja. Miji midogo ya Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, iliishi kwa kuzichonga kuwa funguo za piano na vitana. Na pembe hizo hazikuota Unguja. Zilibebwa mabegani, na wapagazi na watumwa, kutoka Maziwa Makuu na misitu ya Kongo, zikipitia Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo.

Hapa jambo hili linatugusa sisi wenyewe, wala sioni njia ya kuliepuka. Kwa njia hiyohiyo ambayo pembe ilitokea, Kiswahili kiliingia. Misafara iliyoshuka pwani na mizigo ndiyo iliyopanda bara na lugha, ikaiacha Ujiji, Manyema, Usumbura na kwingineko. Lugha tunayoipamba darasani imepachikwa katika nchi zetu na mikono ambayo, sehemu yake, ilikuwa imefungwa minyororo. Wapo waliotumia ukweli huu kuikataa lugha. Nadhani wanafanya kosa lile la mtu anayetaka kuzing'oa pembe zote katika fidla kongwe. Kuzing'oa hakumrudishi ndovu hata mmoja, na mti utakuwa umejeruhiwa mara ya pili. Lakini kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile: kuisifu njumu kwa weupe wake bila ya kumtaja aliyeibeba. Kinachodaiwa ni habari. Mwenye fidla ya kale ajue kilichomo, aseme kilichomo. Na mwalimu anayefundisha historia ya lugha yake asianzie kwenye mashairi.

Kuhusu ala mpya, mataifa yamekwisha kukata shauri. Kwa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara ya gamba la ng'amba kati ya nchi na nchi ilifungwa tangu mwaka 1977, na ya pembe za ndovu wa Afrika kwa uamuzi wa mwaka 1989. Fundi wa leo hutumia mfupa wa ng'ombe au wa ngamia, lulumizi, na namna mbalimbali za plastiki. Kizuizi hicho kiliwahuzunisha wengine. Mimi sioni kwamba kiliipunguzia njumu heshima. Rehani ni kazi ya mkono, na mfupa wa ng'ombe hudai mkono uleule.

Linaloleta taabu ni majina. Plastiki iliyotengenezwa kwa mistari ya kufanana na pembe ilipewa jina la kibiashara linalokaribia jina la pembe yenyewe, na plastiki inayong'aa ikapewa jina linalokaribia la lulu. Katika sitari nyingi za India kilichokuwa pembe au mfupa kimegeuka kuwa plastiki iliyochorwa. Hakuna uovu katika plastiki. Iliwaokoa ndovu wengi, nayo ni kitu cha kweli ikiitwa plastiki. Nasi tunayo taabu yetu. Kiswahili husema "mpingo" kwa mti mweusi wa Tanzania na Msumbiji, ambao kwa kazi ya muziki hupelekwa hasa kutengeneza klarineti na oboe. Mti mweusi wa mbao za vidole za magitaa, unaotoka Kameruni na nchi jirani, ni wa ukoo mwingine kabisa wa mimea. Lakini makala zetu huita yote mpingo. Sheria haijali jina letu: ule wa kwanza uliingizwa katika udhibiti wa kimataifa mwezi Januari 2017, pamoja na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia, na ala zilizokwisha kutengenezwa zikapunguziwa masharti kwa uamuzi wa mwaka 2019. Mwalimu anayetafsiri habari hizi kwa neno moja atampotosha msomaji bila ya kukusudia.

Na habari ya weusi wenyewe ina fundisho chungu. Kampuni ya magitaa ya Taylor iliponunua, kwa ushirika na kampuni ya Hispania, kiwanda cha mbao huko Yaoundé mwaka 2011, mkuu wake alisimulia kwamba wakataji walikuwa wakiangusha miti mingi kwa kila mti mmoja uliochukuliwa. Weusi haujulikani mpaka mti ukatwe. Na ule ulioonekana kuwa na michirizi ya kahawia uliachwa uoze msituni, kwa kuwa wanunuzi wa dunia walitaka mweusi usio na doa. Mti wenye michirizi hulia sawasawa na ule mweusi. Kwa nini basi tulitaka weusi? Kwa sababu ya macho, tena, nathubutu kusema, kwa sababu lulumizi hung'aa zaidi juu yake na vumbi hujificha vizuri zaidi ndani yake. Kampuni hiyo iliamua kuitumia mbao yenye michirizi. Wapigaji hawakufa.

Jambo moja la siku hizi linautia msukosuko mfano wangu wa rehani, na si haki nilifiche. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata lulumizi na kitanda chake kwa vipimo vinavyolingana kuliko mkono wowote, na hapana mwanya. Aliyezoea kuusoma uaminifu wa fundi katika kiungo kisicho na mwanya hana tena cha kusoma. Faida ipo: mapafu machache hujaa vumbi, na gitaa la mtu wa kipato cha kawaida laweza kuwa na ua ambalo zamani lilikuwa la tajiri. Lakini tumefika mahali ambapo baadhi ya watu hutafuta kasoro ndogo ili waamini kwamba mkono ulipita, na palipo na mtafuta kasoro hapakosi muuza kasoro. Rehani ya zamani imekwisha nguvu. Ambalo halijakwisha ni wajibu wa kusema: hiki nilikikata kwa mkono, kile kilikatwa na mashine, huu ni mfupa, hii ni plastiki. Kazi iliyokuwa ya patasi imehamia kwenye ulimi, na ulimi, kama tujuavyo, ni rahisi zaidi kuteleza.

Mfano wa mwisho ni wa mtengenezaji, si wa muundaji. Huletewa udi mkongwe ambao kipande kimoja cha njumu kimedondoka, kimeacha shimo dogo lenye gundi kavu. Anazo njia tatu. Anaweza kuliacha shimo. Anaweza kukata kipande kipya, akakipaka chai na moshi mpaka kizeeke kama wenzake, na hakuna atakayejua. Au anaweza kukata kipande kipya cha mfupa, kikae sawasawa katika kitanda cha yule fundi aliyekufa, bila ya kukizeesha, kiwe cheupe kidogo kuliko wenziwe kwa mtu anayetazama kwa makini. Njia ya pili humpendeza mwenye udi. Mimi ningechagua ya tatu. Na ningependa, kabla ya kutia gundi, mtengenezaji aandike mwaka kwa kalamu ya risasi upande wa chini wa kile kipande, mahali ambapo hautasomwa mpaka siku kitakapodondoka tena.